Taa nyekundu ya oili ikiwaka mlimani

Ndugu, umeuliza kama umalizie safari na pikapu yenye viazi, maana taa nyekundu ya oili inawaka ukipanda mlima Kitonga na kuzimika ukifika tambarare. Usiendelee, tafadhali. Taa ile yenye picha ya kibirika kinachodondosha tone haisemi oili imechakaa, inasema presha ya oili imeshuka. Gari likiinua pua, oili hukimbilia nyuma ya sampo, yaani bakuli la oili chini ya injini, na ikiwa imepungua, pampu hufyonza hewa. Hapo vyuma vinasagana vikavu.

Paki mahali salama palipo sawa, zima injini, weka jiwe kwenye tairi, subiri kama dakika 10. Chomoa kijiti cha kupimia oili, kifute, kirudishe mpaka mwisho, kichomoe tena ndipo usome. Oili ikiwa chini ya alama ya chini, ongeza kidogo kidogo oili ya aina ileile, usipitilize alama ya juu, kisha utafute inakovujia. Kiwango kikiwa sawa lakini taa bado inawaka, usiwashe tena. Fundi apime presha kwa geji, au gari livutwe. Mimi niliambiwa "ni sensa tu", nikaendesha, injini ikanoki kabla sijafika nyumbani.

Taa ya njano mara nyingi hukupa nafasi ya kufika gereji taratibu. Nyekundu haikupi.

Na ukishuka na mzigo huo, ingiza gia ndogo kabla mteremko haujaanza. Breki zikipata moto hazishiki.