Jibu: Fyuzi moja kubwa haitoshi

Ndugu, umeuliza kama fyuzi ya ampea 50 karibu na betri italinda nyaya zote za gari lako la 1965. Hapana. Itaokoa waya mkuu tu (na usiiweke kwenye waya wa stata). Fyuzi hufuata unene wa waya: ule mwembamba wa taa za ndani utayeyuka ganda kabla hiyo 50 haijakatika, kwa hiyo kila tawi lipewe yake. Taa kubwa zipitishe kwenye rilei (swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili ipitishe mkubwa), swichi ya zamani ipumue. Ila kwanza kagua waya unapopenya bodi. Kwenye gari langu raba inayokinga waya kwenye tundu ilikauka, bati likala ganda mpaka shaba ikang'aa! Ukiegesha gari lako, chomoa betri.