Kabla hujapitisha msasa kwenye SKS ya zamani

SKS ni raifo ya kijeshi ya nusu-otomatiki yenye asili ya Kisovieti. Bunduki kama hiyo iliyotoka ghala la jeshi ikiwa na kitako chake, mihuri yake na namba zinazofanana ni mali. Ikishatobolewa na kupakwa vanishi inakuwa bunduki kuukuu tu, na hapa Marekani inaweza pia kukutia matatani bila wewe kujua.

Tuanze na wewe mwenyewe kabla ya bunduki. Aliye Marekani kwa viza ya muda, ya masomo kwa mfano, kwa kawaida haruhusiwi kumiliki wala kushika bunduki. Msamaha unaotumika sana ni leseni halali ya uwindaji ya jimbo. Mwenye green card hazuiwi na kipengele hicho. Jihakikishie hapo kwanza.

Sheria ya shirikisho ina kundi linaloitwa Curio & Relic. Bunduki huingia humo ikiwa imetimiza miaka 50 tangu kutengenezwa na bado iko katika umbo lake la awali. Leseni ya mkusanyaji, aina ya 03, ni dola 30 kwa miaka 3. Inakuruhusu kupokea bunduki za kundi hilo kutoka jimbo jingine, kwa mkusanyiko wako tu, si kwa biashara, na kila inayoingia na kutoka lazima uiandike daftarini. ATF, idara ya shirikisho inayosimamia silaha, inavumilia mabadiliko madogo: kishikio cha darubini, kilengeo kisicho cha awali, pete za mkanda. Ukikata mtutu au kuipa kitako cha kisasa, usitegemee tena kuihesabu kwenye kundi hilo.

Zilizotengenezwa mwaka 1898 au kabla zina hesabu yake. Mauser M71, ile ya baruti ya moshi ambayo askari wengi wa Wajerumani waliingia nayo vitani Afrika Mashariki mwaka 1914, kwa sheria hiyo ni kitu cha kale (antique), haihesabiwi kama bunduki za kawaida. Hiyo hata usifikirie kuitoboa.

Sasa SKS, maana ndiyo inayowaponza wengi. Inakuja na magazini ya kudumu ya risasi 10. Mtu ananunua kitako chenye mshiko wa bastola na magazini ya kuchomoa, anafunga jioni moja, anafurahi. Kifungu cha 922(r) cha sheria ya shirikisho kinakataza kuunganisha, kwa vipuri vya nje, bunduki ya nusu-otomatiki ya aina isiyoruhusiwa kuingizwa nchini. Kanuni ina orodha ya vipuri 20, na bunduki kama hiyo isizidi vipuri 10 vya nje kati ya hivyo. Magazini pekee huhesabiwa mara tatu: bodi, kisukuma risasi na kifuniko cha chini. Kwa hiyo magazini ya Kimarekani inakupunguzia tatu kwa mpigo. Ukichomeka ya Kichina, hesabu imeharibika palepale. Mosin ya Kirusi na Lee-Enfield ya Kiingereza, raifo za zamani za kukokwa kwa mkono, haziguswi na kifungu hiki. Majimbo nayo yana yao: California inaitaja SKS ya magazini ya kuchomoa kwa jina katika orodha ya silaha zilizopigwa marufuku. Na popote ulipo, mtutu wa raifo usishuke chini ya inchi 16, wala urefu wote chini ya inchi 26, bila kibali maalumu.

Kipimo chetu ni kimoja: kama huwezi kuirudisha ilivyokuwa kwa bisibisi, usifanye. Darubini ifungwe kwa kishikio kinachokaa mahali pa kilengeo cha nyuma, pasipo keekee. Kila kilichotoka kiingie mfukoni na karatasi ya namba ya bunduki.

Kinacholipa zaidi ni usafi. Kosmolini, ile grisi ya ghalani, ikiganda ndani ya bolti ya SKS, kile kipande kinachofunga mtutu kwa nyuma, hushika pini ya kupigia. SKS nyingi hazina springi ya kuirudisha pini. Ikikwama mbele, bolti ikijifunga tu risasi inalipuka, nyingine hufuata, na hujagusa kifyatulio. Kwa hiyo kabla ya risasi ya kwanza fungua bolti, iloweke kwenye mafuta ya taa, isugue, ikaushe, kisha itikise sikioni: pini isikike ikicheza huru, tak-tak. Haisikiki? Rudia.

Risasi za zamani za Yugoslavia nazo huacha chumvi ndani ya mtutu, na mtutu wa M59/66, yaani SKS ya Yugoslavia, hauna kromu. Mafuta hayayeyushi chumvi. Maji ndiyo huyeyusha. Siku hiyohiyo pitisha maji ya moto kwenye mtutu, osha pistoni na mrija wa gesi, kausha kabisa, ndipo upake mafuta. Anayeishi pwani anajua chumvi hufanya nini kwenye chuma.

Mbao usiipige msasa, utafuta mihuri. Palipobonyea weka kitambaa kibichi na pasi ya moto juu yake. Mvuke huinua nyuzi. Kisha mafuta ya kitani, tabaka jembamba, futa yaliyobaki. Vitambaa ulivyotumia usivikunje ukavitupa kwenye pipa: hujipasha moto vyenyewe na kuwaka. Vitandaze nje, kimoja kimoja, mpaka vikauke na kukakamaa.