Kutu iliyojificha kwenye Corolla ya zamani

Ndugu, unauliza utajuaje kama Corolla ya 1998 iliyokaa Mombasa imeliwa na kutu, maana rangi inang'aa. Rangi usiiamini. Funga sumaku ndogo kwa kitambaa, uipitishe chini ya milango na juu ya matairi ya nyuma. Isiposhika, hapo pamejazwa puti, ile lipu ya kuzibia bati lililoharibika. Toa zulia la buti na tairi la akiba, upapase shimo lake: ukikuta unyevu au ungaunga wa kahawia, chumvi ya bahari imeshaanza kazi. Uvunguni, lami nyeusi iliyopakwa majuzi hunitia shaka sana. Gonga kwa mpini wa bisibisi. Chuma kizima hulia ting, kilichooza hutoa mlio mzito. Ikiwa kutu imefika inapofungwa mikono ya magurudumu, yaani vyuma vinavyoyashikilia kwenye bodi, tafadhali usinunue, hata muuzaji akupunguzie bei.