Jibu: Omani mwezi wa saba na wa nane, mchana wa Salalah na usiku wa Maskati

Mkuu, umeuliza kama inafaa kuja Omani na familia katikati ya kiangazi cha Uarabuni, watoto waone milima na maji, shemeji apate nafasi ya madukani, na wote mle vizuri bila kurudi na madeni. Waliokutangulia kujibu wamekutisha kwa joto. Kuhusu Maskati wamesema kweli tupu: Julai mchana joto linapita nyuzi 40, na hata usiku wa manane unatoka jasho ukiwa umesimama tu. Ila Omani si Maskati peke yake. Mimi naishi huku, na kila kiangazi kazi ikiniachia nafasi nakimbilia kusini, Salalah, ambako muda huohuo ni nyuzi 25 hivi na manyunyu.

Sababu yake wewe wa pwani utaielewa haraka, maana ni kusi letu lilelile. Upepo huu ukifika pwani ya Dhofar, mkoa wenye mji wa Salalah, unasukuma maji ya juu ya bahari yaende mbali na ufuo, na maji ya baridi ya kina kirefu yanapanda kushika nafasi. Hewa inayopita juu yake inapoa na kujaa ukungu, kisha inakwama kwenye milima iliyo nyuma ya mji, kwa kuwa juu yake imetanda hewa ya moto ya jangwani. Milima iliyokuwa ya kahawia inageuka kijani kibichi kama Lushoto. Wenyewe wanauita msimu huo kharif, na kwenye kalenda unaanza 21 Juni hadi 21 Septemba.

Kalenda isikudanganye lakini. Mwisho wa Juni ukungu upo, ila majani ndiyo kwanza yanachipua, kwa hiyo likizo ya shule ya Bongo ya Juni inakuwahisha mno. Kijani kinakolea kuanzia katikati ya Julai. Tatizo ni kwamba hapo ndipo Wasaudia, Wakuwaiti, watu wa Emirati na Waomani wenyewe wanapofurika na watoto wao, na bei za vyumba zinapanda vibaya. Mimi napenda wiki ya mwisho ya Agosti hadi mwanzo wa Septemba: shule za Ghuba zinafunguliwa, watu wanapungua, jua linaanza kuchungulia na milima bado ni mibichi. Kama mko Kenya, likizo yenu ya Agosti imekaa vizuri zaidi kwa hili.

Sasa mpango. Mkitua Maskati msilale hapo, unganisheni ndege ya ndani moja kwa moja hadi Salalah, ni kama saa moja na nusu hewani. Maskati iwekeni mwisho. Watu wengi wanagawa safari nusu kwa nusu, halafu wanakwenda sokoni Maskati saa saba mchana na kurudi wakilalamika. Siku zenu nyingi zipeni Salalah, Maskati mwipe usiku mbili tatu za mwisho. Hata kwa mizigo ni nafuu, hamtakuwa mnazungusha masanduku ya manunuzi kwenye ndege za ndani.

Salalah bila gari ni mateso, kodini uwanjani. Gari dogo la kawaida linatosha kwa sehemu zote nitakazotaja. Na msilipie ziada chumba cha "kuona bahari", ukungu hauangalii umelipa shilingi ngapi.

Siku ya kwanza elekeeni mashariki, na mtoke asubuhi mapema. Wadi Darbat (wadi ni bonde) ndipo kila mtu anapokwenda, na ikifika alasiri foleni ya magari inapanda mlimani hatua kwa hatua. Ukifika mapema unakuta bonde lote la kijani, ngamia na ng'ombe wanakula majani, mto umetulia, na boti za kukodi kwa watoto. Bonde hilohilo maji yake yanateremka upande wa Khor Rori, hori ya bahari, na juu ya kilima pale kuna magofu ya Sumhuram, bandari ya kale iliyokuwa ikisafirisha ubani. UNESCO waliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000 pamoja na maeneo mengine ya ubani ya Dhofar. Watoto wakichoka na mawe, wapeni kazi ya kutafuta heroe kwenye ile khori.

Mkiwa bado na nguvu endeleeni hadi Mirbat, mji mkongwe wa bahari wenye nyumba za zamani zinazobomoka polepole. Karibu na hapo, kwenye Wadi Hinna, kuna kitu ambacho Waswahili wengi wanaoishi Omani miaka na miaka hawajakiona: mibuyu. Mibuyu hasa, minene, makumi yake, imesimama kwenye ukungu wa Uarabuni. Mara ya kwanza kuiona nilibaki naiangalia kama mtu aliyekutana na jirani yake wa Bagamoyo kwenye foleni ya uhamiaji.

Magharibi kuna Mughsail, kiasi cha kilomita 40 kutoka mjini. Bahari ya kusi inapiga chini ya mwamba, na maji yanaruka juu kupitia matundu kwa kishindo kinachotikisa kifua. Shikeni watoto mikono. Kuogelea baharini msimu huu sahauni kabisa, mawimbi hayana mzaha na kila mwaka watu hukumbushwa. Baada ya Mughsail barabara inapanda mlima kwa kona za kuzunguka moja baada ya nyingine kuelekea Yemen, na kuiendesha tu ni matembezi tosha.

Chemchemi ziko nyingi, Ain Razat, Ain Athum na nyinginezo. Ni za kukalia pembeni na birika la chai. Msiingie majini: mabango ya kukataza yapo, na kichocho ni ugonjwa unaojulikana Dhofar. Wenye kupenda ziara, kaburi la Nabii Ayubu liko juu mlimani, na la Nabii Imran, refu ajabu, liko mjini.

Chakula. Mchana kuleni barabarani. Kuna vibanda vya madafu, ndizi na mapapai kando ya mashamba ya minazi, na mtu wa Tanga anaweza kujiuliza kapanda ndege ya nini. Usiku tafuteni madhbi: nyama ya mbuzi au ya ngamia inayochomwa juu ya mawe ya moto, inaletwa na wali. Kula ya ngamia mdogo, hiyo nyingine mtaitafuna hadi Maskati. Mishkaki inauzwa kila kona jioni, na ule mchuzi wake wa ukwaju shemeji ataujua kabla hujamwambia.

Manunuzi ya Salalah ni kitu kimoja: ubani, pamoja na bukhuri ya kuchanganywa. Nendeni soko la Haffa, ambako akina mama wanauza mchanganyiko wao wenyewe na wanakufukizia uchague. Ubani wa hojari ndio wa juu, vipande vyake vyeupe vyenye kijani kwa mbali, na ndio ambao watu huuloweka majini wakanywa maji yake. Wa kahawia wenye vumbi ni wa kufukiza tu, usilipe bei ya hojari. Ajabu ni kwamba miti yenyewe haipendi huu ukungu, inastawi upande wa nyuma wa milima kunakoanza ukavu. Ukitaka kuiona, Wadi Dawkah iko kwenye barabara ya Thumrait.

Mkirudi Maskati, mchana ni wa kulala au wa moli zenye viyoyozi, Mall of Oman na nyingine, ambazo hazina tofauti na za Dubai ila utulivu. Mjini kwenyewe tokeni baada ya magharibi. Soko la Matrah linafungwa adhuhuri na kufunguliwa tena alasiri hadi usiku, na Ijumaa asubuhi msihangaike. Maduka ya mbele yanayotazama bahari ni ya watalii, bei yake ya kwanza ni utani. Ingieni ndani kabisa, vichochoro vya vitambaa, vito vya fedha na kofia. Kofia ya mkono kweli utaijua kwa kuigeuza ndani: vitundu vimezungushwa uzi kimoja kimoja. Ya mashine nyuma yake ni fujo. Mwambie muuzaji kwa Kiswahili kwanza, usishangae akikujibu kwa Kiunguja kizuri kuliko chako.

Dhahabu nendeni Ruwi, mtaa wa biashara wa Maskati, au hapohapo Matrah. Bei ya gramu inafuata soko la dunia na haina majadiliano, mnachoweza kupunguziwa ni gharama ya ufundi, kwa hiyo ulizeni hizo mbili kando kando. Ushuru wa VAT ni asilimia 5. Na angalizo la riali: moja ni kama dola 2.6 za Marekani na imegawanywa baisa 1,000. Ukiona "riali tano" usiseme rahisi, piga hesabu kwanza.

Jioni ya Matrah imalizieni kwa kutembea ufukweni, chai ya karak (ya maziwa na viungo) mkononi na chapati ya kukunjwa yenye jibini na Chips Oman, krispi za pakiti, ndani, watoto wataiomba tena. Anayetamani mandazi na mihogo ya nazi asiwe na wasiwasi, Seeb na mitaa mingine kuna mikahawa ya Waomani waliotoka Unguja. Halua nunueni siku ya kuondoka, ikiwa bado ya moto, na iende kwenye sanduku la kupakiwa, sio mkononi, maana wakaguzi wanaiangalia kama kimiminika.

Umeuliza pia kuhusu kwenda Salalah kwa gari kutoka Maskati. Ni kilomita 1,000 hivi, basi linachukua kama saa 12, na kuanzia Adam kupitia Haima hadi Thumrait ni jangwa tambarare lisiloisha. Raha yake ni moja: ukishapita Thumrait na kuanza kuteremka mlima, kipima joto cha gari kinaanguka kutoka karibu 40 hadi ishirini na kitu ndani ya dakika chache, na kioo kinalowa. Pia ndipo pa hatari, unaingia ukunguni ghafla na ngamia wako barabarani. Kwa vijana wanne wenye madereva wawili ningesema nendeni. Kwa familia yenye mtoto wa miaka mitatu, pandeni ndege.