Kabla Hujakopa kwa Ajili ya Uzamili

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza kama uchukue mkopo ulipie uzamili wa kemia katika chuo kilichokupa nafasi bila ufadhili, ili baadaye uombe uzamivu. Ukaongeza swali ambalo limenikaa moyoni: asiye na fedha aende wapi na hamu yake ya sayansi? Nimekaa kwenye jopo la udahili miaka mingi na maombi ya vijana wa kila namna yamepita mikononi mwangu, kwa hiyo jibu hili halitoki kwenye mapenzi ya mama peke yake. Usichukue huo mkopo.

Katika sayansi, mwanafunzi wa uzamivu ni mtenda kazi. Ndiye anayeendesha majaribio hadi usiku, anayechambua takwimu, anayeandika rasimu za makala na kuwafundisha wa shahada ya kwanza kushika pipeti. Kazi hiyo ina wa kuilipia: idara, profesa mwenye ruzuku ya utafiti, serikali au mfuko wa ufadhili. Chuo kikikuandikia kwamba umekubaliwa kwa uzamivu ila ujilipie mwenyewe, ihesabu barua hiyo kuwa ni kukataliwa kwa adabu. Uzamili ni habari nyingine, kwa sababu vyuo vingi huutegemea kwa mapato ya ada. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza chuo gani kina jina, uliza nani atalipa, atalipa mpaka lini, na utakuwa chini ya nani.

Tena huenda huo uzamili huuhitaji. Marekani, idara nyingi za sayansi humpokea mwenye shahada ya kwanza moja kwa moja kwenye uzamivu, zikamwondolea ada na kumpa posho ya kujikimu kwa miaka mitano hivi, naye akafundisha au akafanya utafiti kwa malipo hayo. Ujerumani, Uholanzi, Uswidi na Norwei, nafasi ya uzamivu kwa kawaida ni ajira. Inatangazwa kama kazi, ina mkataba na mshahara, lakini mara nyingi wanataka uwe na uzamili tayari. Ukiichagua njia hiyo, angalia vyuo vikuu vya umma vya Ujerumani, maana vingi havitozi ada ya masomo ya uzamili hata kwa wageni. Jimbo la Baden-Württemberg linawatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula, na hata hizo huenda zikawa ndogo kuliko deni unalolifikiria. Lililo gumu huko ni fedha za kujikimu, kwa kuwa maombi ya viza yatakutaka uoneshe unazo za mwaka mzima. Programu za uzamili za Erasmus Mundus, zinazogharimiwa na Umoja wa Ulaya, zina ufadhili wa euro 1,400 kwa mwezi, na wanaoupata hawalipi ada. Ushindani ni mkali, lakini omba.

Barua ya ufadhili ikifika, isome polepole kama unavyosoma mkataba wa kazi. Posho imeahidiwa kwa miaka mingapi, na kwa masharti gani? Ni ya miezi 12 au 9? Nimeona vijana wakifika kiangazi bila senti kwa sababu hawakuuliza hilo. Ada ikiondolewa, je, kuna michango mingine inayobaki juu yako? Bima ya afya inalipwa na nani? Kodi itakata kiasi gani? Kisha gawanya kiasi kinachobaki kwa kodi ya nyumba ya mji huo, kwa sababu posho inayoonekana nono katika mji wa bei ghali inaweza kukuacha na njaa, na ile ndogo ya mji mdogo ikakutosha vizuri.

Angalia pia fedha inatoka mfuko gani. Ukilipwa kwa kufundisha, mara nyingi utatoa hadi saa 20 kwa wiki, na saa hizo zinatoka kwenye utafiti wako. Ukilipwa kutoka kwenye ruzuku ya profesa, unafanya kazi ambayo ni sehemu ya tasnifu yako, na mimi napenda njia hii zaidi, ila ruzuku ina mwisho. Ruzuku nyingi za National Science Foundation, shirika la serikali ya Marekani linalofadhili utafiti wa sayansi, ni za miaka mitatu hivi, na uzamivu wa kemia Marekani huchukua mitano au sita. Basi muulize profesa: ruzuku ikiisha kabla sijamaliza, wanafunzi wako hulipwa vipi? Mkweli atakujibu bila kuchukia. Anayekasirishwa na swali hilo usimpe miaka yako mitano, mwanangu, hata awe na sifa za namna gani. Zungumza na wanafunzi wake pia, bila yeye kuwepo: wanamaliza kwa muda gani, waliomaliza wako wapi, na walioacha katikati waliacha kwa nini.

Kumwandikia profesa mapema kunasaidia zaidi Ulaya, ambako mara nyingi yeye ndiye anayeajiri. Marekani, katika kemia, kwa kawaida jopo ndilo linaloamua na maabara unachagua baada ya kuingia. Kote, andika kifupi: umesoma makala yake ipi, swali gani limekujia, umewahi kufanya nini kinachohusiana nalo. Barua moja iliyotumwa kwa maprofesa hamsini inajulikana kwa mstari wake wa kwanza.

Maelezo yako ya maombi usiyaanzishe na utoto wako. Nimesoma mengi mno yanayoanza na mtoto aliyependa nyota. Jopo linatafuta dalili moja kuliko zote: kwamba jaribio likikataa, hutalitupa. Eleza mradi wako wa mwaka wa mwisho kama ulivyonieleza mimi kwenye simu, ule mmenyuko uliogoma kutoa zao, ulivyoshuku kiyeyushi, ulivyokikausha ukajaribu upya, na ambacho ungefanya kama ungekuwa na mwezi mwingine. Aya hiyo moja ina uzito kuliko orodha ya tuzo.

Kwa barua za mapendekezo, ambazo kwa kawaida ni tatu, mchague aliyekuona maabara kabla ya mwenye jina kubwa aliyekuona darasani tu. Muulize waziwazi kama anakufahamu vya kutosha kukuandikia vizuri. Akisitasita, mshukuru utafute mwingine. Mpe angalau mwezi mmoja, pamoja na matokeo yako, rasimu ya maelezo na tarehe za mwisho.

Gharama ndogondogo nazo hujumlika. Ada ya maombi Marekani inaweza kupita dola 75 kwa kila chuo, lakini vingi husamehe ukiomba kabla ya kulipa, na hakuna aibu kuomba. Idara nyingi zimeacha kudai GRE, ule mtihani wa kuombea masomo ya uzamili na uzamivu, basi usiulipie kabla hujasoma ukurasa wa kila idara. Tarehe za mwisho nyingi huwa Desemba, na majibu huja kati ya Januari na Machi. Kuna makubaliano ya vyuo vingi vya Marekani kwamba mwombaji aliyepewa ufadhili asilazimishwe kujibu kabla ya tarehe 15 Aprili, basi mtu asikuharakishe.

Katika ufadhili wa nje, anza na mstari wa sifa za mwombaji. Ule uitwao GRFP, ambao National Science Foundation huwapa wanafunzi wa utafiti, ni kwa raia na wakazi wa kudumu wa Marekani tu. Fulbright, mpango wa ufadhili wa serikali ya Marekani, humtaka mgeni arudi kwao kwa miaka miwili akimaliza. Baadhi ya ufadhili wa uzamili wa DAAD, shirika la Ujerumani la mabadilishano ya kitaaluma, unadai uzoefu wa kazi wa miaka miwili. Na anayekudai fedha ili akuhakikishie ufadhili ni tapeli.

Ukiona hujawa tayari mwaka huu, tafuta kazi ya usaidizi wa utafiti, hata ya mshahara mdogo. Mwaka mmoja hapo utakupa ujuzi, mtu wa kukuandikia barua, pengine na jina lako kwenye makala, na utalipwa wewe badala ya kulipa.

Nitumie majina ya maabara tano ambazo kazi yake inakuvutia, na chini ya kila moja uandike nani analipa wanafunzi wake. Usipoipata habari hiyo kwenye tovuti, waandikie uwaulize. Rasimu ya maelezo yako nitaisoma mara zote utakazotaka.

Mama yako