Klasta ya seva mbili inatulinda kama mfumo wenyewe hauungwi mkono tena?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni fundi wa mifumo katika chama cha akiba na mikopo hapa Tanga, ofisi yetu iko Ngamiani. Tuna seva mbili za Windows Server 2012 R2 tulizoziunganisha kuwa klasta. Zinatumia hifadhi moja ya diski, na SQL Server 2012 ndiyo inayotunza hesabu za wanachama. Seva moja ikizima, nyingine inashika kazi na keshia anasubiri kidogo tu. Kwa hiyo meneja haoni sababu ya kubadilisha chochote, na aliyetuuzia programu ya mikopo anasema hajaijaribu kwenye matoleo mapya. Mimi roho haitulii. Je, hofu yangu ina msingi?

JIBU: Ndugu yangu, ina msingi, tena umechelewa kidogo kuuliza. Kwa Windows Server 2012 R2, Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya usalama tarehe 10 Oktoba 2023. SQL Server 2012 ilitangulia, tarehe 12 Julai 2022. Baada ya hapo, viraka vya usalama, yaani marekebisho ya kuziba matundu ya programu, vilitolewa kwa waliolipia nyongeza tu, na nyongeza hiyo kwa SQL Server 2012 ilikoma Julai 2025. Maana yake, tundu jipya likigunduliwa leo kwenye programu inayobeba akiba za watu, hakuna wa kuliziba.

Meneja wako anachanganya mambo mawili. Klasta imeundwa kwa ajili ya kifo cha mashine: pawasaplai ikiungua, ubao mama ukifa, au ukitaka kuzima seva moja uisafishe vumbi. Nodi, yaani seva zilizo ndani ya klasta, zinatumiana ishara kila sekunde. Katika toleo lenu, kwa mipangilio ya kawaida, ishara tano zikikosekana mfululizo, nodi iliyobaki inahesabu mwenzake amekufa, inachukua diski na kuiwasha SQL upya. Kazi hiyo inafanyika vizuri, sina ugomvi nayo. Lakini nodi zote mbili zina toleo lilelile na matundu yaleyale, kama makufuli mawili yanayofunguka kwa ufunguo mmoja. Anayeingia ya kwanza anaingia ya pili kwa njia ileile. Hata asipofika ya pili, diski ni moja: mafaili yakifungwa na kirusi cha kudai fidia, klasta itahamisha kazi kwa utiifu kabisa na kumkabidhi nodi wa pili mafaili yaliyokwisha kuharibika.

Haya yalionekana wazi Mei 2017, kirusi cha kudai fidia kiitwacho WannaCry kilipopita kwenye kompyuta za nchi nyingi na kukwamisha hospitali za umma za Uingereza. Kiraka cha tundu lile kilikuwa kimetolewa Machi, miezi miwili kabla. Waliokuwa na mifumo iliyokwisha kuachwa, kama Windows Server 2003, walipata chao baada ya moto kuwaka, tena kwa uamuzi wa dharura. Dharura si mpango wa kuutegemea.

Sasa, huyo muuza programu. Mwambie kwamba SQL Server 2022 inaweza kuendesha hifadhidata kwa kiwango cha uoanifu 110, yaani kuifanya ifuate tabia za toleo la zamani; 110 ndicho cha SQL Server 2012. Programu nyingi za zamani hazitambui tofauti. Usibishane naye kwa maneno. Tafuta mashine moja ya majaribio, rejesha humo bakapu ya hivi karibuni, weka kiwango 110, kisha mwite afisa mikopo na keshia watoe mkopo wa majaribio, wapokee marejesho, wachape taarifa ya mwezi. Kwa njia hiyo utakuwa pia umepima bakapu yako, jambo ambalo vyama vingi havifanyi mpaka siku ya msiba.

Mashine zenu zenyewe sishauri kuzipandisha toleo zikiwa kazini. Inawezekana kupandisha klasta nodi moja moja, lakini kutoka 2012 R2 lazima upite Windows Server 2016 kwanza, na ukishakipandisha kiwango cha klasta yenyewe huwezi kukirudisha. Jenga jozi mpya pembeni. Na hapo usisahau akidi, yaani wingi wa kura unaoamua nani aendelee na kazi: nodi mbili zina kura mbili, na waya kati yao ukikatika kila mmoja anaweza kudhani mwenzake hayupo. Kura ya tatu ni ya shahidi, folda kwenye mashine nyingine kabisa, yenye UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) na swichi yake ya mtandao. Nimeona klasta ambazo nodi zote na shahidi vimechomekwa kwenye UPS moja. Betri ikichoka, vyote vinalala pamoja.

Wakati bajeti inasubiriwa, zima toleo la 1 la SMB, njia ya Windows ya kushirikiana mafaili ambayo WannaCry ilipitia, kwenye nodi zote mbili. Usiifunge SMB yote, maana nodi zinahitaji matoleo mapya yake kuwasiliana. Seva zisiunganishwe na intaneti, na mlango wa kuingia kwa mbali usionekane nje ya ofisi. Nakala moja ya bakapu itoke kwenye mtandao kabisa, ifungiwe kabatini.

Kwa meneja, peleka hoja ya sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde, na wanachama wenu wameacha kwenu majina, namba za simu na mishahara yao.

Siku ya kuhamia, chagua Jumamosi jioni baada ya kufunga hesabu. Hifadhidata ikishaingia SQL Server 2022 haitarejeshwa kwenye 2012, kwa hiyo bakapu ya mwisho ya kabla ya kuhama iandikwe tarehe na itunzwe. Seva za zamani zitoe kwenye mtandao, lakini usizifute mpaka ufungaji wa mwezi wa kwanza uoane na daftari la mhasibu.