Watoto Watatu, Meza Moja: Maswali na Majibu Kuhusu Ratiba ya Masomo ya Nyumbani

Nina watoto wa miaka 6, 9 na 12, na masomo saba ya kuwafundisha. Nikizidisha napata vipindi 21 kwa siku. Nianzie wapi?

Anza kwa kuacha kuzidisha. Kinachokupungukia si saa, bali ni macho na masikio yako, kwa kuwa wewe ni mmoja na watoto ni watatu. Yagawe masomo mafungu mawili. Hesabu, kusoma na kuandika hupanda ngazi kwa ngazi, hivyo kila mtoto sharti afundishwe pale alipofikia. Sayansi, historia, jiografia na sanaa zinaweza kufundishwa kwa wote pamoja, kila mmoja akapewa kazi inayomfaa.

Chukua mfano wa mvukizo. Siku ya Jumatatu mimina maji ya kiasi kilekile katika vyombo vitatu vinavyopenyeza mwanga, yaani bakuli pana, bilauri na chupa yenye mdomo mwembamba, kisha viweke dirishani. Kila asubuhi mdogo anatia alama pale maji yalipofikia na kuchora anachokiona. Ijumaa wa kati anapima mililita zilizobaki katika kila chombo, anatoa, na kupata kiasi kilichopotea. Mkubwa anachora grafu na kueleza kwa maandishi kwa nini bakuli limepoteza maji mengi kuliko chupa, ilhali yote yalianza sawa. Umefundisha somo moja, na hakuna aliyeachwa nyuma wala aliyecheleweshwa.

Ninapokaa na mmoja, wengine wawili wafanye nini?

Wafanye marudio, kamwe wasipewe mada mpya. Hapa ndipo ratiba nyingi huvunjikia. Mtoto aliyeachiwa peke yake zoezi la kujumlisha 1/2 na 1/3 kabla hajaelewa asili inayofanana ni nini, ataandika 2/5, au atakaa akizungusha penseli hadi umfikie, au atakuja kukukatiza wakati mdogo wake yuko katikati ya silabi. Wazoeshe kuweka alama ya kuuliza pembeni mwa swali lililowashinda na kuendelea na linalofuata. Zamu yao ikifika, mnaanzia kwenye alama hizo. Mimi humpendekeza mdogo awe wa kwanza asubuhi, kwa sababu ndiye asiyeweza kusubiri na ndiye anayechoka mapema.

Mkubwa anaweza kumsikiliza mdogo akisoma kwa sauti, na wote wawili hufaidika. Hata hivyo, tafadhali usimgeuze kuwa mwalimu msaidizi wa kudumu, kwani naye ni mwanafunzi mwenye haki ya muda wako.

Je, kila somo lifundishwe kila siku?

La. Hesabu na kusoma viwepo kila siku, hata kama ni kwa muda mfupi. Mwanasaikolojia wa Ujerumani Hermann Ebbinghaus, aliyechapisha mwaka 1885 matokeo ya majaribio ya kumbukumbu aliyojifanyia mwenyewe, alionyesha kwamba marudio yaliyotawanywa katika siku kadhaa hushika kuliko yaliyorundikwa mara moja. Kwa hiyo dakika 20 za jedwali la kuzidisha kwa siku tano zina faida kuliko saa nzima na dakika 40 za Ijumaa. Sayansi na historia, kinyume chake, zinahitaji nafasi ya kutandaza vitu mezani na kuzungumza, nazo zinatosha mara mbili kwa wiki.

Mwanangu wa miaka 6 hatulii zaidi ya robo saa.

Basi kipindi chake kiwe robo saa. Kifuatiwe na kazi ya mikono au kukimbia nje, kisha arudi.

Kila wiki ratiba yangu huvurugika ifikapo Jumatano, nami nakata tamaa.

Pole, na tafadhali usijilaumu. Huenda umepanga kwa saa ya ukutani. Panga kwa mfuatano: baada ya chai, hesabu, baada ya hesabu, kusoma. Mgeni akibisha hodi au mtoto akiamka na homa, mfuatano husogea mbele bila kuvunjika. Pia panga kazi mpya za siku nne tu, na Ijumaa uiachie viporo na vipimo kama kile cha maji. Kiporo kisichoisha Ijumaa, kiangalie kabla ya kukihamishia Jumatatu: ikiwa mtoto amekwisha kuonyesha kwamba ameelewa, kifute.